Mche Uliopigwa Miale

Je, ni halali kwa mwanadamu kuipiga mbegu ya mti miale katika maabara, ili aigeuze tabia aliyoirithi? Swali hili si la wataalamu peke yao. Mwaka 2005 ugonjwa uitwao kwa Kichina huanglongbing, ambao hulizuia chungwa kuiva na mwisho huudhoofisha mti wote, ulionekana katika jimbo la Florida, Marekani. Msimu wa 2003 hadi 2004 jimbo hilo lilikuwa limevuna makasha ya machungwa yapatayo milioni 242. Msimu wa 2022 hadi 2023 hayakufika milioni 16, ingawa tufani nazo zilichangia. Kijidudu cha Asia kinachoueneza ugonjwa huo kilitangazwa mwaka 2016 kuwa kimeonekana Morogoro. Basi jambo hili limekwisha kutubishia hodi.

Wako waonao kwamba kuigusa mbegu kwa namna hii ni kuingilia kazi ya Muumba. Twaiheshimu hofu hiyo, kwa kuwa imetokana na uchaji. Lakini hatukubaliani nayo. Miti hubadilika yenyewe. Chungwa la kitovu, lile lisilo na kokwa, lilitokea Brazil pasipo mtu kulitengeneza. Vipandikizi vyake vilipelekwa Washington mwaka 1870, na kutoka hapo aina hiyo imeenezwa kwa kubebesha. Naye Hermann Muller alionyesha mwaka 1927, kwa kuwachunguza nzi wa matunda, kwamba miale ya eksirei huzidisha mabadiliko ya urithi. Mtaalamu wa leo, basi, huiharakisha bahati iliyokuwapo tangu zamani. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikiri kwamba maumbile yenyewe huleta mabadiliko ya namna hii, ila alikumbusha kuwa maumbile huenda polepole, nasi twaenda mbio.

Katika mbio hizo ndimo twaonamo shida. Miale haichagui. Huvunja hapa, huruka pale, na miche mingi hufa au hutoka dhaifu. Mwaka 1959 mbegu za balungi zilipigwa miale huko Marekani, ikapatikana aina iitwayo Star Ruby, ambayo wakulima walipewa mwaka 1970. Tunda lake ni zuri ajabu: nyama yake nyekundu, na kokwa chache mno. Lakini mti wenyewe ulidhihirika kuwa mwepesi wa kuoza shina na kudhurika kwa baridi. Sifa moja ilipatikana, na udhaifu ukaja pamoja nayo.

Wajapani nao walipanda mipeasi mwaka 1962 katika shamba lililokuwa likimulikwa na miale ya gama. Ilikuwa mwaka 1981 walipoona tawi moja, katika mti mmoja, lisiloshikwa na ugonjwa wa madoa meusi. Miaka 19 kwa tawi moja!

Lakini ni nani athubutuye kumwambia mkulima ambaye shamba lake lakauka angoje miaka 19? Kukawia nako kuna lawama yake. Twaona haya kidogo kuwahubiria saburi watu wenye madeni na watoto wa kusomesha, ilhali sisi twaandika kivulini. Mpaka leo hakuna chungwa tamu la kibiashara lililothibitika kuwa salama kabisa mbele ya ugonjwa huu, na kila mche mpya utakaotangazwa utagombewa.

Hapo ndipo tunapoiweka dhambi, kama ipo: si katika miale, bali katika kumuuzia maskini jaribio kwa jina la dawa. Mbegu ya mahindi ikimhadaa mkulima, hupoteza msimu. Mchungwa hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema, na aliyeng'oa shamba lake la zamani kwa ajili ya mche mpya hana pa kurudi. Mkulima wa Muheza akiletewa mche wa namna hiyo, ana haki ya kuambiwa wazi umejaribiwa miaka mingapi na katika udongo gani, na ni udhaifu gani umekwisha kuonekana. Ana haki pia ya kupanda michache tu pembeni ya michungwa ya baba yake, bila ya bwana shamba kumcheka kuwa ni mtu wa kale.