Wanakoishi Watu Wenye Tundu Kifuani

Kariakoo, ukisema kitu ni "cha Kichina" huna haja ya kumalizia sentensi. Msikilizaji ameshajua kwamba hakitadumu. Sisi tuliokulia Ilala tuliijua China kama sifa ya bidhaa kabla ya kuijua kama nchi, na habari za watu wake tulizipata zaidi kwa wasiowahi kufika huko: wanakula chochote chenye miguu, hawana huruma. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo hurudi na habari za kawaida mno: bei ya chumba, wakala mwaminifu na wakala tapeli, kontena lililochelewa.

Kwa nini simulizi tamu ni za wale ambao hawakusafiri? Jibu linaloniridhisha nimelikuta kwa Wachina wenyewe wa kale.

Shanhaijing, yaani Kitabu cha Milima na Bahari, kilikusanywa kwa karne kadhaa, sehemu yake kubwa kabla ya Kristo. Kinaorodhesha milima, mito, madini na mitishamba kwa utulivu wa mtunza stoo. Lakini ukisogea mbali na nyumbani, watu wanabadilika. Kuna nchi ya wenye tundu kifuani, nchi ya wenye jicho moja, nchi ya wenye manyoya. Magharibi anakaa Xiwangmu, Mama Malkia wa Magharibi, mwenye mkia wa chui na meno ya simbamarara.

Mwaka 138 kabla ya Kristo, mfalme wa nasaba ya Han alimtuma Zhang Qian huko huko magharibi. Alikamatwa njiani, akashikiliwa miaka kama 10, akatoroka, akafika Asia ya Kati. Hakukuta mikia. Alikuta farasi wazuri, mvinyo wa zabibu na masoko. Katika soko moja, kwenye Afghanistan ya leo, alikuta fimbo za mianzi na vitambaa kutoka Sichuan. Bidhaa za kwao zilikuwa zimemtangulia.

Mwanahistoria Sima Qian aliandika habari hizo, kisha akasema kwamba viumbe wa ajabu wa Shanhaijing yeye hathubutu kuwazungumzia. Hata hivyo alirekodi kuwa wazee wa Parthia, upande wa Uajemi, walisikia Malkia yuko mbele zaidi, ila hawajamwona. Safari ilimsogeza Malkia bila kumuua. Makazi yake ni hatua moja kupita pale mtu wa mwisho alipofika.

Na hatua hiyo ilifika kwetu. Katika karne ya 9, Duan Chengshi aliandika kuhusu nchi ya Bobali, ambayo wasomi wengi huiweka kwenye pwani ya Somalia: watu wanatoboa mshipa wa ng'ombe, wanachanganya damu na maziwa, wanakunywa. Mmaasai akisoma hapo atauliza ajabu iko wapi. Mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alipokelewa China kama qilin, mnyama wa heri wa hadithi. Aliheshimiwa sana, lakini waliomtazama walimwona qilin.

Leo Mchina na Mswahili wako mtaa mmoja, na bado tundu la kifuani linatafuta mwenyewe. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo. Nani auze rejareja, nani alipe kodi ya pango ya juu, nani ana leseni: hayo ni maswali halali, na mmachinga ana haki ya kuyauliza kwa sauti. Hayahitaji kusaidiwa na habari za watu wasio na moyo. Zikiingia, mjadala wa leseni unageuka kuwa mjadala wa kama jirani ni mtu.

Sikatai ajabu. Bila hadithi za mbali nisingekifungua kitabu kile. Ninachokichukua kwa Sima Qian ni kiasi chake tu: aliandika kipi kimeonwa na kipi kimesikika, na asichoweza kukithibitisha akakinyamazia. Kwenye kibaraza cha duka, hiyo inatosha kuwa swali moja la heshima kwa anayesimulia: kaka, uliona au uliambiwa?