Dakika Moja ya Jik

Jino moja la nyuma lilikula kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili, kwa hivyo siku ya kuziba mizizi nilikuwa macho kama soja wa geti. Mdomo wazi, ganzi hadi sikioni. Daktari akatoa kwenye kiboksi vijiti vyembamba vya rangi ya waridi, akavitumbukiza kwenye kibakuli, kisha akakaa tu akitazama saa ya ukutani. Chumba kikanuka Jik.

Baadaye, ulimi ukiwa bado mzito, nikamuuliza kile kilikuwa nini. Akacheka. "Ni Jik, ila hii ni kali zaidi."

Vijiti hivyo ni vya gutapacha, utomvu wa mti unaomea Malesia na visiwa vya jirani. Karne ya 19 utomvu huo ndio uliofunika nyaya za telegrafu chini ya bahari. Leo unachanganywa na zinki oksaidi na kujazwa ndani ya mizizi ya meno. Vyombo vingine vya daktari huuliwa viini kwa mvuke wa nyuzi 121. Gutapacha ukiiweka humo inalegea na kupoteza umbo. Kwa hivyo inaloweshwa kwenye sodiamu haipokloraiti ya asilimia 5.25 kwa dakika moja, halafu inasuuzwa, kwa maana chumvi ikikaukia juu yake haizibi vizuri.

Nina rafiki anayesaidia kwenye kliniki nyingine. Aliniambia foleni ikiwa ndefu, hiyo dakika hurukwa. "Boksi ni mpya, bro. Ziko safi." Na hadanganyi sana. Zikitoka kiwandani mara nyingi huwa safi. Uchafu huja zikishikwashikwa, au boksi likiachwa wazi.

Hapo ndipo kichwa kinaniuma kuliko jino. Ukiiruka hiyo dakika, pengine hakuna kitakachotokea. Kikitokea, labda ni miaka miwili baadaye, na mimi nitalaumu soda na mandazi. Yule mchungaji wa Plato alihitaji pete ya kumfanya asionekane. Mtu wa meno hana haja nayo. Mimi ndiye niliyelala chali nikihesabu mbao za dari.

Nikambana: "Na kama ni mdomo wa mathe wako?"

Akanyamaza. "Ningengoja. Lakini yule analia na jino huko nje, si naye ni mathe wa mtu?"

Manze, hilo lilinishika. Foleni ni ya kweli, na maumivu ya mtu kwenye benchi si kisingizio. Bado naona kuna kitu hakijakaa sawa. Akitaka kumpa yule wa nje dakika, atoe ya chai yake, au aniulize mimi kabla ya ganzi. Huenda ningekubali. Kinachoniudhi si kile kiini, ambacho hata labda hakikuwepo. Ni kwamba uamuzi ulipitishwa nikiwa siwezi kutamka neno, kisha nikalipa bei kamili nikidhani hiyo dakika imo ndani.

Nilimwambia hayo yote, kwa sauti ya mtu msafi. Kazi yangu ni kukagua hesabu za sacco. Ziko kurasa nilizotia sahihi bila kuzisoma, kwa kuwa mwaka uliotangulia hazikuwa na kasoro. Hilo sikumwambia.