Nani Alimtoboa Kamba?

Mjomba alinipeleka Ziwa Naivasha kuvua samaki aina ya besi. Chambo hatukununua. Tulifunga utumbo wa kuku kwenye uzi, tukautumbukiza kando ya mafunjo, tukangoja. Kamba mwekundu wa maji baridi akishaubana kwa gando haachii. Unamvuta taratibu hadi juu, naye kang'ang'ania tu.

"Mtoboe mkiani, asife upesi, acheze majini."

Mkono ukanikataa, bwana.

"Unamhurumia huyo? Hawa asili yao Louisiana, waliletwa hapa 1970, wakafyeka mimea ya ziwa."

Kweli. Lakini je, kamba aliomba kuletwa? Na besi naye ni wa Marekani, aliletwa miaka ya 1920, mbona yeye hatumwiti mharibifu? Au kwa kuwa ni mtamu?

Basi mjomba akamtoboa mwenyewe, mimi nikageuza uso. Jioni nikala samaki, tena nikaongeza ugali. Sasa niambie, ndugu msomaji: mkono wangu ulikuwa safi, au mwoga tu?

Kamba wawili walibaki ndooni. Mjomba akaniuliza tuwafanyeje.

"Amua wewe," nikasema.