Anayeziba masikio darasani, ni mtovu wa adabu?

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha jioni katika madrasa moja ya hapa Kariakoo: chumba kimoja, bati juu, watoto zaidi ya arobaini na dirisha linaloangalia barabara. Kama ilivyo desturi yetu, watoto husoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake. Nje, spika za wauza nguo hurudia bei ile ile tangu asubuhi. Miongoni mwa watoto hao alikuwemo mmoja wa miaka minane. Kila wenzake wakianza kusoma, yeye huziba masikio kwa viganja na kuinamisha kichwa magotini.

Mimi niliona mtoto anayeikimbia Qur'an. Msomaji anawajua watu wa Nabii Nuh (a.s.) na vidole vyao masikioni, basi nami, pamoja na shahada yangu ya chuo kikuu, nikapitisha hukumu papo hapo. Nilimchapa bakora mbili mbele ya wenzake.

Kesho yake alikuja bibi yake. Hakuja kwa ugomvi. "Maalim," aliniambia, "huyu hata jenereta ya jirani ikiwaka hukimbilia uvunguni. Shati likiwa na lebo shingoni halivai mpaka niikate. Lakini usiku wa manane, mtaa ukitulia, namsikia anasoma Juzuu Amma peke yake gizani." Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi bibi, na mtoto nikamwomba radhi mbele ya wale wale walioshuhudia bakora.

Jambo lile lilinilazimisha kusoma. Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, alichapisha kitabu mwaka 1972 akieleza namna ubongo unavyopokea na kupanga habari zinazoletwa na milango ya fahamu, na namna upangaji huo unavyoweza kumtatiza mtoto katika kujifunza. Kwa baadhi ya watu sauti, mwanga, harufu au mguso wa kawaida huingia kwa ukali wa kuumiza. Wengine huingiwa kwa uhafifu, wakawa wanajizungusha, wanajigonga na kushikashika kila kitu, nasi tukawaita watundu. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliiingiza hali hii miongoni mwa dalili za usonji. Hata hivyo si kila aliye nayo ana usonji, na wataalamu hawajaafikiana kama ni ugonjwa unaojitegemea. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha huko huko kilishauri isitumiwe kama jina la ugonjwa. Nalitaja hili ili asije mtu akaiweka chini gazeti na kumbandika mwanawe jina.

Wala si mambo ya utotoni tu. Baba yangu amevuka miaka sabini. Ukimsemesha kwa sauti ya chini anasema hasikii. Ukipaza, anakunja uso na kusema unampigia kelele. Nyumbani tulimwona amekuwa mkorofi. Kumbe sikio la uzeeni hupoteza sauti ndogo, na wakati huo huo sauti kubwa humfikia ghafla kwa ukali wake wote. Aidha hupata taabu kuchambua maneno ya mtu mmoja ndani ya kelele za wengi. Aliacha kuhudhuria darsa ya baada ya Magharibi. Watu wakasema mzee amelegea katika dini.

Kule Kilifi, pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti kuhusu usonji, baada ya kuwahoji wazazi na wataalamu. Pamoja na sababu za kitabibu, walitajiwa pepo wabaya, uchawi na laana. Hapa mjini nako ni hivyo hivyo: mtoto akiziba masikio wakati wa kisomo, jirani wa kwanza atasema ana jini. Sikatai kuwepo kwa majini, hiyo ni sehemu ya imani yetu. Ninachouliza ni kwa nini jini awe mshukiwa wa kwanza, na spika iliyofungwa nusu dhiraa kutoka kichwani mwa mtoto isihojiwe kabisa.

Sasa swali linakuja: je, inajuzu kumlaumu mtu kwa namna mwili wake unavyoipokea dunia? Wanachuoni wetu wameijenga lawama juu ya uwezo na hiari. Mtoto wa miaka minane hata kalamu haijaanza kumwandikia. Mtu mzima naye hupewa udhuru wa kukosa jamaa kwa ajili ya mvua. Iweje tope liwe udhuru na maumivu yasiwe? Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, akaiacha kwa kuwa nafsi yake haikuipenda, na Khalid bin Walid akaila mbele yake. Hakuna aliyemharamishia mwenzake, wala aliyemcheka. Na akisikia mtoto analia katika swala, Mtume (s.a.w.) aliifupisha kwa kumhurumia mama yake.

Mwalimu mwenzangu mmoja hakuridhika. "Ukifungua mlango huo," alisema, "kila mvivu atakuja na masikio yanayouma." Hoja yake ina uzito, na sina kipimo cha kumaliza ubishi. Nilichojifunza ni kumtazama mtoto pale ambapo hana faida ya kujisingizia. Mvivu haamki usiku wa manane kusoma. Na nikikosea kwa kumhurumia mvivu, nimepoteza somo moja. Nikikosea kwa kumpiga anayeumia, nimemdhulumu, na dhulma ina mwenyewe wa kuidai.

Kariakoo hatuwezi kuinyamazisha, na mwenye meza Mtaa wa Kongo anatafuta riziki ya halali. Lakini ndani ya misikiti yetu ni sisi wenye mamlaka. Siizungumzii adhana. Nazungumzia spika za ndani, zinazofunguliwa mpaka mwisho kwa darsa ya watu thelathini. Mtume (s.a.w.) akiwa itikafu aliwakataza Maswahaba wasiudhiane kwa kupaziana sauti za kisomo, nao walikuwa wanasoma Qur'an, si kitu kingine.

Madrasa tulikubaliana watoto wasome kwa makundi matatu, na yule kijana akapewa nafasi karibu na mlango. Msikitini suala la spika bado ni mjadala, na wapo wanaoona nataka kuipunguza sauti ya dini. Kamati inakutana tena Jumapili hii baada ya Isha. Baba amesema atakuja, ila nimtafutie mahali nyuma, mbali na ukuta wenye spika.