Sarafu za Kilwa

Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tisa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tano, za shaba, zilikuwa za masultani wa Kilwa. Nne, changa kwa karne kadhaa, zilikuwa za Waholanzi. Zilifikaje huko? Moyo, ewe msomaji, hupenda kujibu upesi kwamba mabaharia wetu wa kale walizipeleka. Lakini akili yauliza: je, umri wa sarafu ndio umri wa safari yake? Sarafu kongwe yaweza kusafiri mfukoni mwa kijana. Yafaa basi kushuhudia lijulikanalo, na lisilojulikana kuliacha wazi. Sifa ya kubuni haimpambi babu. Humnyang'anya mjukuu hamu ya kutafuta kweli.