Elimu na Mwenye Kuulizwa

Swali la kale, kwamba elimu humjia mtu kutoka kinywani mwa mwenziwe au huchimbuka nafsini mwake mwenyewe, liliulizwa upya mkoani Tanga kati ya mwaka 2017 na 2019, pale shindano la Global Learning XPRIZE lilipowagawia watoto wapatao 2,700, wengi wao hawajapata kukanyaga darasani, vishikwambi vya kujisomea Kiswahili na hisabati pasi na mwalimu. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Hayo si haba. Na wanaodhani kwamba kumweka mwanafunzi katikati ya somo, akajisomea kwa mwendo wake, ni jambo geni wamevisahau vyuo vya Kurani vya mwambao, ambamo hapakuwa na somo moja la watoto wote: huyu angali katika alifu na irabu, yule yumo katika Amma, mwingine keshafika Yasini, kila mmoja kwa kadiri ya fahamu yake, na wakubwa wakiwasomesha wadogo. Darasa la safu, ambamo watoto hamsini hufunua ukurasa mmoja kwa saa moja, lilitujia baadaye pamoja na skuli za serikali. Basi kishikwambi kinachomngojea mtoto mpaka aelewe kinaturudishia tulichokipoteza, nami nakikaribisha kwa moyo mkunjufu.

Lakini chuoni kila mtoto alikwenda kuketi mbele ya mwalimu akasoma peke yake, na mwalimu akamsikiliza. Mtoto akifupisha madda, yaani irabu ya kuvutwa, humrudisha, wala hampi somo jipya mpaka la jana limekaa, na akiisikia sauti imelegea humwuliza kama kwao wamekula. Hata Socrates, ambaye katika majadiliano ya Plato yaitwayo Meno hamfundishi kijana mmoja mtumwa bali humwuliza tu, mpaka akatambua mwenyewe namna ya kuuchora mraba wenye eneo maradufu, alikuwapo pale akiuona wasiwasi wake usoni.

Mashine nayo hutambua kosa, na pengine upesi kuliko sisi. Ila elimu ni amana, na kila amana ina mwenye kuulizwa juu yake, ilhali mashine haitaulizwa lolote, si na mzazi wala si na Mwenyezi Mungu. Watoto wale wa Tanga waliobaki hawajui kusoma, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kwenda kwao kuuliza kilichowazuia?

Khofu yangu, kwa hiyo, si juu ya chombo, bali ni juu ya mkubwa atakayekihesabu kuwa badala ya mshahara wa mwalimu. Mwalimu aliyepunguziwa kazi ya kuhutubia ubaoni amepata wasaa wa kuketi na mtoto mmoja mmoja, na wasaa huo nautaka uandikwe katika ratiba na katika bajeti kabla hakijanunuliwa kishikwambi cha kwanza.