Samaki wa Tanganyika na Habari ya Uumbaji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na maji, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu wa pwani, hapa Kibirizi, karibu na Kigoma, tumeulizwa: je, yafaa mtu kumtoa mwanawe shuleni kwa kuwa afundishwa kwamba viumbe hugeuka umbo? Jibu: haifai. Swali limetoka katika hofu ya Mungu, nasi hatulidharau. Lakini mwenye kudai huombwa ushahidi, awe mwalimu wa shule au awe shekhe.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na mna samaki ambao hawapatikani penginepo duniani. Miongoni mwao yuko alaye magamba ya wenziwe. Baadhi kinywa chao kimepinda kulia, nao huvamia ubavu wa kushoto. Wengine kinyume chake. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alieleza kwamba wakizidi wa upande mmoja, wawindwao hujihadhari na upande huo, na wale wa pili hushiba na kuzaana, hata wakawa wao ndio wengi. Haya yameonwa na kuhesabiwa. Mwenye kuyakanusha hakuitetea dini, amekanusha macho ya watu.

Na wataalamu nao hukosea. Mwingereza Moore alikuja ziwani mwaka 1896, na tena 1899. Kwa ajili ya konokono na konyeza waliomo, akahukumu kwamba ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari. Wenziwe wakachunguza, wakaikataa hukumu yake, wala hawakumwonea haya. (Laiti mabaraza yetu yangekuwa hivyo!)

Ama baba yetu Adamu, habari yake twaipokea kwa wahyi, na kinywa cha samaki hakiithibitishi wala hakiikanushi. Mwalimu asemaye kwamba kinywa hicho chaonyesha hakuna Muumba, amevuka mpaka wa ushahidi wake. Nasi tukisema Kurani imekataza samaki kugeuka, tumemzulia Mwenyezi Mungu neno asilolisema, na hili ni zito zaidi. Fuvu lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959 lataka jibu la utulivu, si matusi. Wanazuoni wetu hata leo wamehitilafiana katika mambo hayo.

Wallahu aalamu.